Namna ya kuthibitisha mkataba na hasara katika mgogoro wa usambazaji wa bidhaa

Mfanyabiashara anayekwenda mahakamani kudai fidia ya mzigo ambao haukufika ana mambo mawili ya kuthibitisha, na kila moja lina ushahidi wake. La kwanza ni kwamba mkataba ulikuwepo na ukavunjwa. La pili ni kwamba kuvunjwa huko kumemtia hasara ya kiasi fulani cha fedha. Wengi hujiandaa kwa la kwanza tu. Wanaingia na mafaili ya kuonyesha walivyosalitiwa, wanashinda upande huo, halafu hukumu inawapa fungu dogo la fidia ya jumla kwa sababu hakuna aliyeleta risiti wala hesabu ya hasara yenyewe. Inauma sana kumwona mtu mwenye haki akitoka mahakamani na pesa isiyofika hata gharama ya wakili, wakati karatasi zote alizohitaji zilipitia mikononi mwake.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara, ambako sheria kuu ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba. Tahadhari moja kuhusu namba: Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu katika sheria nyingi. Ukikuta hukumu ya zamani inataja kifungu fulani cha Sheria ya Ushahidi, hakikisha namba yake ya sasa kabla ya kukiandika kwenye hati yako.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho. Mwenye kiwanda cha kukamua mafuta Dodoma anakubaliana na mwenye ghala wa Singida kuletewa tani 60 za mbegu za alizeti kwa Sh 1,000 kwa kilo. Lori ni juu ya mnunuzi. Anatanguliza Sh milioni 30, anapokea tani 20, kisha bei sokoni inapanda. Muuzaji anaanza kusema barabara mbaya, mara vibarua hawapo, mwisho hapokei simu. Hakuna mkataba uliosainiwa. Kuna ujumbe wa WhatsApp, muamala wa benki, karatasi za mizani na sahihi ya stoo kipa.

Hatua ya 1: Panga matukio kwa tarehe kabla ya kumwona wakili

Chukua daftari au fungua faili kwenye kompyuta. Kila mstari uwe na tarehe, kilichotokea, nani alihusika, na karatasi au ujumbe gani unakionyesha. Usiandike hisia, andika matukio: tarehe fulani niliuliza bei, tarehe fulani akanijibu, tarehe fulani nikatuma fedha. Pale ambapo safu ya ushahidi iko tupu, weka alama. Mapengo hayo ndiyo wakili wa upande wa pili atakayoyashambulia, na ni afadhali uyaone mapema wakati dereva aliyebeba mzigo bado unaweza kumpata.

Hatua ya 2: Onyesha mkataba ulifungwa lini na kwa maneno gani

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba hakisemi mkataba lazima uwe karatasi yenye mihuri. Kinasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Shida yake ni kuyathibitisha.

Kwa uuzaji wa bidhaa kuna sharti la ziada ambalo watu hulisahau. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka mauzo ya thamani ya Sh 200 au zaidi, kiwango cha enzi za ukoloni ambacho leo kinagusa karibu kila kitu, yawe na moja kati ya haya: maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa, au mnunuzi awe amekwisha kupokea na kukubali sehemu ya mzigo, au awe ametoa arbuni au sehemu ya malipo. Mwenye kiwanda wetu ana mawili kati ya hayo matatu, maana alitanguliza fedha na akapokea tani 20. Kwa hiyo kukosekana kwa mkataba uliosainiwa hakumwangushi.

Sasa tafuta pendekezo na jibu. Pendekezo ni ujumbe unaotaja bidhaa, kiasi, bei, na ikiwezekana tarehe na mahali pa kukabidhiana. Swali la "alizeti ipo? bei gani?" ni kuulizia tu. Orodha ya bei iliyosambazwa kwenye kundi la wafanyabiashara nayo kwa kawaida ni mwaliko wa watu waje wazungumze. Pendekezo letu ni ule ujumbe wa muuzaji: "Naweza kukupa tani 60, buku kwa kilo, mzigo wote utoke ndani ya wiki tatu." Jibu la mnunuzi, "Sawa, naingiza 30 leo, zilizobaki kila lori likishuka," ni kukubali kukiwa na maelezo ya namna ya kulipa. Hapo kuwa makini. Ukubali lazima ulingane na pendekezo. Mnunuzi akijibu "sawa, ila iwe 950," amelikataa pendekezo la kwanza na kuweka lake, na hakuna mkataba mpaka muuzaji naye akubali. Hata hilo suala la kulipa kidogo kidogo, wakili wa muuzaji anaweza kusema ni sharti jipya. Jawabu la mwenye kiwanda litakuwa vitendo: muuzaji alizipokea zile milioni 30 na akapakia tani 20 bila kulalamika. Mtu anayetekeleza masharti haachiwi kirahisi kusema hakuyakubali.

Kuna kesi ya Kanada ambayo haiwafungi majaji wetu lakini kila mnunuzi wa mazao anapaswa kuijua. Mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka katika jimbo la Saskatchewan alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 87 za kitani kwa dola 17 kwa busheli, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa alama ya dole gumba. Mwezi Novemba mzigo haukuja, na bei ilikuwa imefika dola 41. Mkulima alijitetea kwamba dole gumba lilimaanisha ameuona ujumbe tu. Mwaka 2023 mahakama ikaona ni ukubali, ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mwaka 2024 mahakama ya rufani ya jimbo hilo ikaunga mkono. Kilichombana ni historia. Katika mikataba iliyotangulia alikuwa akijibu kwa neno moja au mawili tu ya kukubali, kisha analeta mzigo na kuchukua fedha. Kwa hiyo kusanya na biashara zenu za nyuma: mlivyokuwa mkiagizana, mlivyokuwa mkijibizana, na mzigo uliofuata kila mara. Mazoea hayo ndiyo yanayoipa "sawa" ya leo maana yake.

Kama mna LPO (hati ya mnunuzi ya kuagiza mzigo), ankara ya awali na karatasi ya kupokelea mzigo, ziweke kwa mfuatano na uzisome nyuma na mbele. Mara nyingi LPO inasema malipo siku 30 na ankara ya muuzaji inasema siku 7 pamoja na riba. Karatasi ipi ilitumwa mwisho kabla ya mzigo kupokewa, na upande wa pili uliipinga au ulinyamaza? Swali hilo linaweza kuamua riba yote unayodai.

Hatua ya 3: Aliyekubali alikuwa na mamlaka?

Kampuni haina mdomo, inasema kupitia watu. Ukimuuzia kampuni na aliyesaini ni ofisa manunuzi, tegemea utetezi wa "hakutumwa". Tafuta ushahidi kwamba kampuni yenyewe ilimweka mbele ya watu kama mwakilishi wake: alitumia barua pepe ya kampuni, LPO ina muhuri, oda zake za nyuma zililipwa kutoka akaunti ya kampuni, mzigo ulishushwa kwenye stoo ya kampuni na stoo kipa akasaini. Andika jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya jina la duka badala ya mmiliki wake au kampuni inaweza kutupwa kabla hata ya kusikilizwa.

Taasisi ya umma ni habari nyingine kabisa. Ununuzi wake unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Mkuu wa idara akikuambia "leta tu mzigo, karatasi zitafuata," unabeba hatari kubwa. Watu wamepeleka madawati na mahindi kwa ahadi ya mdomo, ofisa akahamishwa, na aliyekuja hajui lolote. Usishushe mzigo bila mkataba au agizo la kwenye mfumo. Na ukitaka kushtaki serikali au halmashauri, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90.

Hatua ya 4: Geuza simu na makaratasi kuwa vielelezo

Picha ya skrini peke yake ni dhaifu, kwa kuwa kila mtu anajua inavyoweza kutengenezwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima mambo kadhaa: ujumbe ulitengenezwa, ukahifadhiwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika? Umebaki bila kuguswa? Aliyeutuma ametambulishwaje?

Kwa vitendo, fanya hivi. Usifute mazungumzo na usiibadilishe simu mpaka kesi iishe. Ikiharibika, itunze hivyo hivyo. Hamisha mazungumzo yote kutoka WhatsApp kama faili, pamoja na yale yasiyokupendeza, maana ukileta vipande na mwenzako akaleta yote, umepoteza imani ya hakimu. Chapisha, weka namba za kurasa. Aandae kiapo mtu aliyeshika simu na aliyechapisha: simu ni ya nani, ilikuwa inafanya kazi vizuri, alihamishaje, alichapisha kwa mashine ipi, na hakubadilisha kitu. Halafu unganisha namba na mtu. Namba ile ile ndiyo iko kwenye ankara yake? Ulipoituma fedha, jina lililotokea lilikuwa lake? Muamala mmoja wa simu wenye jina lake unaweza kuziba mlango wa "hiyo namba si yangu".

Kwa fedha, chukua taarifa ya akaunti iliyothibitishwa na benki, siyo ile uliyoichapisha mwenyewe.

Karatasi nyingine zinatakiwa halisi. Kama halisi iko kwa mwenzako, mpe notisi ya maandishi ya kuileta mahakamani; akikataa, unafunguliwa njia ya kutumia nakala. Na kama una hati ya mkataba, angalia ushuru wa stempu. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inazuia hati isiyolipiwa kupokewa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Mapingamizi ya stempu huibuliwa siku ile ile shahidi wako ameshika hati mkononi. Lipa TRA mapema.

Jambo dogo lenye uzito: karatasi ya kupokelea mzigo. Iwe na tarehe, namba ya gari, jina la dereva, uzito wa mizani, jina kamili la aliyepokea na cheo chake. Sahihi ya mkunjo mmoja isiyo na jina haimtaji mtu. Kwenye mfano wetu, karatasi za mizani zinaonyesha kilo 20,000 zilizoshuka Dodoma. Bila hizo, muuzaji angeweza kudai alileta tani 30 na deni limeisha, na mwenye kiwanda angebaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake.

Hatua ya 5: Onyesha uvunjaji, na uutangaze kwa maandishi

Kulalamika kwa simu hakutoshi. Tuma barua ya madai inayotaja makubaliano, kilichotekelezwa, kilichobaki, na siku ambazo unampa akamilishe. Ipeleke kwa njia inayoacha alama, kama barua pepe, WhatsApp na mkono kwa mkono kwa kusainiwa. Barua hiyo inafanya kazi mbili. Inaweka tarehe ya uvunjaji, na mara nyingi inaleta jibu. Muuzaji akijibu "nivumilie, nitaleta zile tani 40 mwezi ujao," amekuandikia ushahidi bora kuliko wote: amekiri mkataba, amekiri kiasi.

Kama tatizo ni ubora, mathalani mbegu zimelowana au saruji imeganda, mwenye mzigo achunguze mara moja na atoe taarifa ndani ya muda wa busara. Piga picha magunia kabla ya kuyafungua, chukua sampuli mbele ya dereva, funga na wote wawili msaini. Ukishautumia mzigo kwa mwezi mzima, kuukataa ni vigumu. Utabaki na dai la fidia ya tofauti ya thamani tu.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya hasara mstari kwa mstari

Hapa ndipo kesi zinapofia, kwa hiyo tulia.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, ambacho asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, kinampa aliyeumia fidia ya hasara iliyotokea kwa kawaida ya mambo kutokana na uvunjaji, au ile ambayo pande zote zilijua, wakati wa kufunga mkataba, kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali isiyo ya moja kwa moja haifidiwi. Na kifungu hicho hicho kinataka iangaliwe njia uliyokuwa nayo ya kupunguza madhara.

Mahakama ya Rufani imerudia kwa miaka mingi kwamba fidia maalumu lazima itajwe kipekee kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Fidia maalumu ni ile unayoweza kuihesabu. Ya jumla ni ile ambayo hakimu anaikadiria kwa busara yake. Usitegemee ya pili ifidie uzembe kwenye ya kwanza.

Turudi Dodoma. Mwenye kiwanda alisubiri siku alizotoa kwenye barua ya madai ziishe, akanunua tani 40 Babati kwa Sh 1,250 kwa kilo. Kanuni ya kawaida ya mzigo usioletwa ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko wakati mzigo ulipotakiwa kuletwa. Hapa ni Sh 250 mara kilo 40,000, sawa na Sh 10,000,000. Lori kutoka Singida lingemgharimu Sh 50 kwa kilo. Kutoka Babati alilipa Sh 70. Hawezi kudai Sh 70 zote, kwa sababu usafiri angelipa hata mkataba ungetekelezwa. Anadai Sh 20 za ziada, yaani Sh 800,000. Kisha kuna zile fedha alizotanguliza. Alitoa milioni 30, akapokea mzigo wa milioni 20, kwa hiyo milioni 10 ni zake na zinarudi kama zilivyo. Iandike kama marejesho kwenye aya yake, isichanganywe na fidia.

Jumla ni Sh 20,800,000. Jaribu hesabu yako kwa njia ya pili uone kama inakubali. Mbegu za tani 60 zilipaswa kumgharimu milioni 60; zimemgharimu 30 alizompa wa Singida na 50 alizompa wa Babati, jumla 80. Ziada ni 20, pamoja na laki nane za lori. Inakubali. Hesabu inayojibiwa kwa njia mbili ni ngumu kuivunja wakati wa maswali ya dodoso, yaani unapohojiwa na upande wa pili.

Sasa kila mstari upewe karatasi yake: ankara na risiti ya EFD ya Babati, muamala wa benki wa kumlipa, karatasi za mizani, risiti ya lori. Kama hukununua kwingine, bado unaweza kudai tofauti ya bei, lakini lazima uthibitishe bei ya soko ya siku hizo. Nukuu za bei kutoka kwa wauzaji wawili watatu zenye tarehe ya wiki ile zinasaidia, hasa mmoja wao akija kutoa ushahidi. Kwa mazao yanayouzwa kwa mnada kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, kama ufuta na mbaazi, bei za minada zina kumbukumbu za maandishi.

Kasi ya kununua mbadala ina maana. Tuseme mwenye kiwanda angekaa miezi miwili akinung'unika mpaka bei ikafika Sh 1,500. Tofauti ingekuwa milioni 20 badala ya 10, na muuzaji angeuliza: kwa nini hukununua ilipokuwa 1,250? Milioni 10 za nyongeza angezibeba mwenyewe. Kama hakuwa na mtaji wa kununua kwa sababu fedha zake zilikuwa zimekwama kwa muuzaji, hilo alithibitishe kwa taarifa za akaunti, asiliseme kwa mdomo tu.

Faida iliyopotea ndiyo ngumu kuliko zote. Mwenye kiwanda anasema mitambo ilisimama na akakosa faida ya mafuta ambayo angeuza. Maswali ni mengi: mitambo ilisimama siku gani, na kitabu cha uzalishaji kinaonyesha hivyo? Kwa siku za kawaida alikuwa akikamua lita ngapi? Aliuza kwa nani? Gharama za umeme, vibarua na vifungashio zimetolewa? Mashudu nayo yamehesabiwa? Mauzo ghafi si faida. Na mahesabu unayoleta mahakamani yatalinganishwa na ritani ulizopeleka TRA. Aliyeiambia TRA kwamba biashara ni ndogo hawezi kusimama kizimbani akasema alikuwa anaingiza mamilioni kila wiki na akaaminiwa.

Hata ikithibitishwa, kuna swali la muuzaji alijua nini. Kesi ya Uingereza ya Hadley dhidi ya Baxendale, ya mwaka 1854, inasomwa hadi leo kwenye vyuo vyetu vya sheria. Kinu cha kusaga nafaka huko Gloucester kilivunjika mhimili, msafirishaji akachelewa kuufikisha kwa waundaji wa mpya, kinu kikakaa bila kazi. Wenye kinu wakadai faida waliyokosa. Mahakama ikakataa, kwa sababu msafirishaji hakuwa ameambiwa mazingira yale maalumu, na wenye kinu wengi wangeweza kuwa na mhimili wa akiba. Funzo la kiutendaji liko kwenye ujumbe wa kuagizia. Kama mzigo unaouagiza ni wa oda yenye adhabu ya kuchelewa, mwambie muuzaji kabla ya kukubaliana: "Hizi tani 60 ni za mkataba wangu na mteja fulani, nikichelewa nakatwa." Sentensi hiyo moja inahamisha hasara kutoka kwenye ya mbali kwenda kwenye ile iliyojulikana kwa pande zote.

Kama mkataba wenu ulitaja kabisa kiasi cha fidia, mathalani Sh 500,000 kwa kila siku ya kuchelewa, kifungu cha 74 kinampa hakimu nafasi ya kukupa fidia ya busara isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichoandikwa ni dari. Bado leta ushahidi wa hasara.

Riba nayo idaiwe kwenye hati, na useme inatoka wapi. Ile ya kabla ya hukumu inahitaji msingi, na makubaliano ya maandishi ndiyo msingi ulio imara. Baada ya hukumu, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai zinaweka asilimia 7 kwa mwaka, isipokuwa mmekubaliana kiwango kingine kisichozidi asilimia 12.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji uliyepeleka mzigo na hujalipwa, kazi ni nyepesi zaidi. Unadai bei, ambayo ni deni. Leta agizo, karatasi ya kupokelea, ankara na taarifa ya malipo yaliyofanyika. Huna haja ya kuthibitisha bei ya soko.

Hatua ya 7: Fungua kesi mahali sahihi na kwa wakati

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu uvunjaji. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa kabla muda haujaisha, saa inaanza upya, ndiyo sababu nyingine ya kutunza yale majibu ya "nivumilie".

Mahakama ipi inategemea thamani ya dai, na thamani hiyo hupimwa kwa kiasi mahususi unachodai. Kuandika fidia ya jumla ya bilioni moja hakuipandishi kesi ya milioni 20 kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara. Itarudishwa, na miezi itakuwa imepotea. Wasomaji wa Kenya wana njia ambayo natamani tungekuwa nayo: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh milioni 1 ya Kenya na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Huko, ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria yao ya Ushahidi.

Hatua ya 8: Siku ya ushahidi

Kiambatisho kwenye hati ya madai si ushahidi. Nimeona watu wakishangaa kusikia hukumu ikisema hakuna uthibitisho wakati risiti zimo ndani ya jalada. Hazikutolewa. Kila karatasi lazima shahidi anayeifahamu aitambue, aombe ipokewe, mahakama iipe namba ya kielelezo, kisha isomwe. Pitia orodha yako ya tarehe na uweke tiki kila kielelezo kinapopokelewa.

Chagua mashahidi kwa walichokiona. Stoo kipa aje kwa mzigo, mhasibu kwa fedha, wewe mwenyewe kwa makubaliano. Wafundishe kusema "sijui" pale wasipojua. Kwenye Divisheni ya Biashara ushahidi huwasilishwa kwa maelezo ya maandishi kabla, na shahidi lazima afike kuhojiwa. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo kama msambazaji wako alikuandikia Kichina au Kiingereza, andaa tafsiri mapema.

Kiwango cha uthibitisho ni uwezekano ulio mkubwa zaidi. Hutakiwi kuondoa kila shaka, unatakiwa maelezo yako yaaminike kuliko ya mwenzako.

Kabla ya kufika huko kuna usuluhishi wa lazima, na faili uliloliandaa ndilo linalokupa nguvu mezani. Mkielewana, msiishie kupeana mikono. Andikeni hati ya makubaliano yenye kiasi, tarehe za kila malipo na sharti kwamba akikosa awamu moja deni lote linadaiwa papo hapo, kisha iwasilishwe mahakamani isajiliwe iwe tuzo, yaani amri ya mahakama. Akishindwa kulipa, unaomba kukazia hukumu moja kwa moja, bila kuanza tena kuthibitisha kwamba aliwahi kukubali.